Juliette au Sidi: mna mabinti wa kuigiza na hela ya vitabu vya mchezo mmoja tu, mchukue yupi?

Swali hili nimeulizwa mara tatu mwezi huu, na walimu wawili wa hapa hapa Kigoma mjini na dada mmoja wa Kasulu anayefundisha mabinti maigizo baada ya shule. Wote shida yao ni ileile, wana kundi la kumi hadi kumi na tano, wana hela ya kununua vitabu vya mchezo mmoja tu, na wanataka mchezo wenye binti jeuri kidogo, yule anayeambiwa "wewe nyamaza wakubwa wanaongea" na yeye hanyamazi. Mwisho wa siku wanabaki na viwili ambavyo wengi wetu tulivisoma fomu 3 na 4, Three Suitors: One Husband ya Guillaume Oyono-Mbia wa Kameruni, na The Lion and the Jewel ya Wole Soyinka wa Nigeria. Huku Juliette, kule Sidi.

Mi nimewachezesha mabinti michezo yote miwili, hapa Mwanga, uani kwa jirani chini ya mwembe, kwa hiyo naongea nilichokiona sio nilichokariri kwenye notsi. Na niseme kabisa, mi ni wa Juliette. Ila kuna kundi moja ambalo ningeliambia bila kusita lichukue Sidi, nitafika huko.

Tuanze na Juliette. Binti anatoka shule ya bweni anarudi kijijini kwao Mvoutessi, kusini mwa Kameruni, anakuta ameshaolewa bila kujua. Yaani ndo hivyo. Kuna kijana mkulima anaitwa Ndi, huyo alishatoa faranga 100,000 na familia imeshazipokea. Alafu siku hiyohiyo anakuja Mbia, mtumishi wa serikali, ana gari, anamwaga vinywaji kijiji kizima kinachangamka, na yeye anatoa 200,000. Baba, babu, mjomba, kaka, wote wanashangilia, kaka yake anazipigia hesabu hizo hela kwa sababu na yeye anataka kuoa, na hela ya mahari ya dada ndo itakayomlipia mahari yake. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza Juliette. Akisema kwamba ana mchumba wake, Oko, mwanafunzi asiye na senti, wanamshangaa kama ametukana mtu.

Hapo nilipoisoma mara ya kwanza nikiwa fomu 3 nilifunga kitabu nikakiweka chini, kwa sababu nilikuwa nimeshayaona haya kwa macho yangu. Dada yangu mkubwa alirudi likizo ya mwezi wa sita akakuta ng'ombe wawili wamefungwa nyuma ya jiko. Sisi hatukuwa watu wa kufuga. Alisimama pale na begi lake la shule bado liko begani akauliza, "Mama, hawa ng'ombe wa nani?" na mama alikuwa anapuliza moto, akaendelea kupuliza, moto ulishawaka zamani lakini yeye anapuliza tu. Dada hakuuliza tena. Mpaka leo nikisikia mtu anasema Juliette ni stori ya kuchekesha, na kweli inachekesha sana ndo ilivyoandikwa, nawaza ule moto.

Sasa Juliette anafanyaje? Hakimbii, halii chumbani, hajidhuru. Anakataa mbele ya wote, kwa sauti, anawauliza kama yeye ni kitu cha kuuzwa. Wakishindwa kumwelewa anabadilisha mbinu, anatumia ulafi wao wenyewe. Zile 300,000 zinaibwa, yeye na Oko wakiwa ndani ya mpango, Ndi na Mbia wanataka hela zao zirudi, familia inachanganyikiwa, wanamwita mganga Sanga-Titi ambaye ni tapeli mtupu, wanajaribu hata kumnasa mfanyabiashara mmoja aliyepita awe mchumba mwingine. Alafu Oko anaingia amevaa kama bwana mkubwa anaweka mezani 300,000, hela zao wenyewe zilezile, na wanamkabidhi binti kwa furaha. Amepata mume aliyemtaka kuanzia mwanzo.

Kuna mzazi aliniambia huyu binti ni mwizi, unawafundisha nini watoto. Nimelifikiria hilo sana na silipuuzi. Nilimjibu hivi, mzee wangu, hela za kuuzia mtu ambaye hajakubali kuuzwa zilikuwa halali lini? Hakukubaliana na mimi, ila siku ya mchezo alikuja na alikaa mpaka mwisho.

Sidi ni mtu mwingine kabisa. Msimchukue kama ni Juliette wa Nigeria, mtakosea tangu siku ya kwanza ya mazoezi.

Sidi hana shule. Ni mrembo wa kijiji cha Ilujinle na anajijua. Mchezo unaanza asubuhi amebeba ndoo ya maji kichwani, na Lakunle, mwalimu wa shule mwenye suti iliyochakaa, anampokea ndoo na kuanza kumlaumu kwanini abebe mzigo kichwani, shingo itafupika. Anataka kumuoa lakini hataki kutoa mahari, anasema ni ushenzi, anataka mke wa kisasa anayekula kwa uma. Na Sidi anamwambia wazi kwamba toa mahari naolewa na wewe hata leo, usipotoa kijiji kitanicheka, watasema sikuwa bikira. Hapa mabinti wangu waligawanyika vipande viwili hapo hapo. Juliette anakataa mahari iliyotolewa bila yeye, Sidi anadai mahari yake itolewe. Na wote wawili wanadai kitu kilekile, heshima yao, isipokuwa mmoja anaona mahari inamnyang'anya na mwingine anaona kukosa mahari ndo kunamnyang'anya.

Kwa Lakunle nilikuwa na hasira siku nyingi manake watu wanamwona mtetezi wa wanawake, anapinga mahari, anapinga mizigo kichwani, lakini huyohuyo ndo anamwambia Sidi kwamba wanawake wana ubongo mdogo kuliko wanaume, ameisoma kitabuni. Mabinti wanamjua huyu mtu, wanakutana naye kila siku, mwanaume anayekusemea haki zako huku hataki kukusikia ukizisema mwenyewe.

Upande wa pili kuna Baroka, Bale yaani chifu wa kijiji, mzee wa miaka 62, wake kibao. Picha za Sidi zimetoka kwenye gazeti la kurasa za kung'aa, kurasa za katikati kabisa, na ya Baroka imewekwa kona, ndogo, karibu na choo. Sidi anavimba kichwa, mke mkubwa Sadiku akitumwa kumposa anakataa kwa dharau, yule mzee mimi ananitakia nini. Hadi hapo ni binti anayejitawala kweli. Alafu Baroka anamdanganya Sadiku kwamba nguvu za kiume zimemwishia, Sadiku anacheza ngoma ya ushindi wa wanawake, Sidi anaenda kwa yule mzee kumcheka usoni, na ananaswa. Anarudi usiku analia, anajitupa chini, ilikuwa hila. Lakunle anasema basi nitakuoa hivyo hivyo, na ile mahari sasa haina haja kabisa, unaona huyo mtu. Na Sidi anajipamba, kila mtu anadhani anaolewa na mwalimu, kumbe anaenda kwa Baroka, na anamwambia Lakunle kwamba baada ya yule hawezi kumvumilia mwanaume kama yeye.

Siku tuliyosoma huo mwisho mara ya kwanza palikuwa kimya, ule ukimya wa watoto wanaosubiri mtu mzima aseme kitu. Binti mmoja, mdogo kuliko wote, akauliza, "Madam, amechagua au amechaguliwa?" Tulikaa na swali hilo wiki mbili. Wengine walisema amechagua, mkulima mzuri anajua udongo wake na Sidi aliona Baroka ni mtu kamili na Lakunle ni maneno tu. Wengine walisema mtu aliyekuingiza kwenye mtego hawezi kuwa chaguo lako, umefungiwa mlango alafu unaambiwa chagua chumba. Mimi niko na hao wa pili, na sikuwaficha, lakini niliwaacha wabishane.

Kwa hiyo nikiwaweka bega kwa bega, kitu cha kwanza ninachokitazama ni ile hapana yao inaishia wapi. Hapana ya Juliette inafika mwisho wa mchezo ikiwa bado mkononi mwake, imepigwa, imezungukwa na wazee, mama yake mwenyewe amemgeuka, lakini ni yake. Ya Sidi ina nguvu zaidi mwanzoni, ina maneno matamu zaidi, na inapokonywa. Ukiwa na mabinti ambao hawajawahi kusema hapana hadharani hata siku moja, na wengi wa hapa kwetu ndo hao, naona kwanza waione moja inayoshinda.

Halafu kuna suala la nani yupo karibu na huyo binti. Juliette ana ukoo mzima, babu Abessolo anayesema wanawake wasipewe mdomo, mjomba Ondua anayependa pombe, mama Makrita, bibi Bella, binamu Matalina ambaye ni msichana kama yeye lakini anamshauri amchukue mwenye gari. Huyo Matalina msimpe binti asiyejua kuigiza, ni nafasi kubwa kuliko inavyoonekana, kila binti anayekataa ana rafiki mmoja anayemwambia shoga wee acha ujinga chukua hela. Sidi yeye humwoni mama humwoni baba, yuko peke yake kati ya mwalimu na mzee na Sadiku, ndo maana anaonekana huru sana na ndo maana pia hakuna wa kumwambia usiende kule usiku.

Kwenye kuigiza kwenyewe, The Lion and the Jewel ni rahisi kwa kundi dogo, wenye maneno mengi ni wanne tu, waliobaki ni ngoma na kuigiza kwa vitendo, na ngoma huku kwetu sio tatizo. Kuna kipande kimoja mabinti wa Kigoma wanakielewa kuliko mtu yeyote, Lakunle anasimulia jinsi Baroka alivyomhonga mtu wa reli ili njia ya treni isipite kijijini kwake. Sisi ndo tuko mwisho wa reli ya kati, ilifika hapa 1914, stesheni ile pale unaiona ukishuka kuelekea ziwani, kila nyumba ina mtu aliyekuja na treni au aliyeondoka nayo asirudi. Niliwaambia wafikirie mzee mmoja miaka ile angehonga reli iishie Tabora, wakaanza kutaja wenyewe, shule isingekuwepo, soko lisingekuwepo, mimi madam nisingezaliwa kwa sababu babu alikuja kufanya kazi bandarini. Kile kipande walikicheza kama wanakijua tangu utotoni. Ila Kiingereza cha Soyinka kigumu, sehemu kubwa ni kama ushairi, mabinti wanakikariri bila kukielewa usipokaa nacho. Sisi tulikuwa tunausema mstari kwa Kiswahili kwanza, kila mtu kwa maneno yake, alafu ndo tunarudi kitabuni.

Three Suitors inataka watu wengi, zaidi ya kumi, na wengi ni wazee wa kiume, kwa hiyo mabinti wanacheza mababu. Hilo nililiogopa na ndo likawa zuri kuliko yote. Binti akivaa kofia ya babu na kushika fimbo anasema maneno ambayo amekuwa akiambiwa nyumbani, na anayasema vizuri mno, kwa sauti ileile, mpaka unapata baridi. Kiingereza chake chepesi, mtu wa fomu 2 anaweza. Na kitabu chenyewe mara nyingi kinakuja kimeunganishwa na mchezo mwingine wa huyohuyo Oyono-Mbia, Until Further Notice, kwa hiyo kwa hela moja mnapata miwili.

Kitu kingine, ukicheza Juliette mbele ya wazazi jiandae kwa maswali ya sheria, yatakuja tu. Sisi mzazi mmoja alisimama akauliza, kwahiyo mnasema mahari imefutwa? Haijafutwa. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema ndoa lazima iwe kwa hiari ya wote wawili, na inasema ndoa iliyotimiza masharti mengine ni halali hata kama mahari haikutolewa, yaani mahari ni mila, mkitaka mnatoa, lakini haimnunui mtu. Umri ndo ulikuwa na tatizo, sheria hiyo iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, mwanaharakati Rebeca Gyumi akaenda mahakamani, Mahakama Kuu mwaka 2016 ikasema vifungu vya 13 na 17 vinapingana na katiba, serikali ikakata rufaa, na 2019 Mahakama ya Rufani ikabaki na uamuzi uleule. Yaandikeni kwenye karatasi yawe mfukoni. Mchezo ukiisha watu wakiwa bado wamekaa, ndo wakati wanasikiliza.

Kuna waliouliza pia kuhusu Olabisi wa Unanswered Cries na Sekai wa Takadini. Hao ni wa riwaya sio wa jukwaani na mi nawapenda wote, Olabisi msichana wa miaka 14 wa Sierra Leone anayekataa kukeketwa, Sekai mama anayetoroka usiku na mtoto wake mwenye ualbino kwa sababu mila za kijiji zinataka afe. Kama kundi lenu ni la kusoma tu na sio kuigiza, anzeni na Sekai, msiulize mara mbili, huku kanda yetu tunajua watoto wenye ualbino wamepitia nini. Ila kumgeuza awe mchezo ni kazi ya miezi.

Basi nijibu nilivyoulizwa. Mwalimu mwenye kundi kubwa, wadogo, mnataka kucheza mbele ya wazazi na wenyeviti wa mtaa, chukua Juliette. Watacheka, na wakiwa wanacheka watajiona. Wewe dada wa Kasulu mwenye mabinti kumi wakubwa kidogo, fomu 4 kwenda juu, ambao wanakuamini na mnaweza kufunga mlango mkaongea, chukua Sidi, lakini tafadhali usimchezeshe hadharani kabla hamjaongea sana kuhusu ule usiku kwa Baroka, kwa sababu watazamaji wa kiume watashangilia pale, niliwasikia kwa masikio yangu wakishangilia, na binti aliyekuwa Sidi alitoka jukwaani akakataa kurudi kuinama kushukuru. Kosa lilikuwa langu, sikumwandaa. Huyo binti nilimpa Juliette mwaka uliofuata na hapo ndo nilipoona tofauti ya michezo hii miwili kwenye mwili wa mtu mmoja, mabega yake tu yalikuwa mengine.

Na yule mwalimu wa pili, wa Ujiji, mwenye kundi la wavulana na wasichana pamoja, hapo Juliette tena, ila wavulana wape kina Makrita na Bella. Wabishie wakikataa. Mvulana akimcheza mama anayemwambia binti yake utatuaibisha, anarudi nyumbani anamtazama mama yake kwa namna nyingine.

Sisi mazoezi yetu ni Jumamosi saa tisa, tunafuata mwezi kidogo, zile siku za mbalamwezi kubwa wavuvi hawaingii ziwani kwa dagaa, kwa hiyo mabinti wa Kibirizi wanakuwa hawana kazi ya kuanika na kundi linatimia. Jumamosi iliyopita dada yangu alipita na beseni lake la dagaa akitokea huko Kibirizi, hajawahi kusimama siku zote hizi, anapita anasalimia anaendelea. Tulikuwa pale Juliette anapowauliza wazee wake kama yeye anauzwa. Dada akasimama. Akatua beseni chini taratibu, akakaa kwenye jiwe nyuma ya watoto, na kipande kilipoisha akanyoosha mkono kama mwanafunzi, yeye mwenye miaka arobaini na kitu, akasema, "Hebu rudieni hapo. Sikusikia mama yake alimjibu nini."